Wamama Wamefunga Siku Tatu kwa Ajili ya Msichana wa Televisheni

Mpendwa mshauri Concessa,

Nakuandikia kwa simu nikiwa kwenye treni ya kutoka kazini Märsta kurudi nyumbani Rågsved, hapa Stockholm, maana nyumbani siwezi kuandika jambo hili, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu nimeliingiza kundi zima la maombi katika jambo ambalo sijui nitalitoaje, na ndani yake yumo mtoto wangu, na hasa ni kwa ajili ya huyo mtoto ninaomba msaada wako. Kiswahili changu ni cha Bukavu na wewe nasikia ni mtu wa Bukoba, basi utanivumilia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkubwa ni binti, Précieuse, ana miaka kumi na sita, bwana yangu Bonaventure anapakia mizigo uwanja wa ndege na mimi nasafisha ofisi hukohuko, na Jumapili tunasali Sundbyberg na Wakongomani wenzetu, ambako mimi niko katika kundi la wamama waombezi la kila Jumamosi mchana, wamama kumi na wanne, kiongozi wetu ni Mama Spéciose. Sasa tangu mwezi wa kumi Précieuse alianza kunyamaza. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, tena neno moja au mawili, nikimwambia njoo ule anasema "orkar inte", nikimwambia twende kanisani "orkar inte", na mimi nikamgombeza kwamba huo ni uvivu na ni jeuri, na kwamba lugha ya nyumba hii ni Kiswahili, kama hataki kukisema basi asiseme kabisa, na kweli akaacha kusema kabisa.

Mwezi wa pili siku moja nimetoka kazini nikamkuta sebuleni anaangalia kitu kwenye simu, nikakaa pembeni yake polepole, hakuondoka, nami sikusema kitu nisije nikamfukuza. Ilikuwa ni msichana wa Oslo, jina lake Ingvild, umri kama wa wangu, amelala kitandani mchana, pazia limefungwa, baba yake anapita mlangoni anamuuliza kama ameona funguo za gari, hamuoni mtoto, anaona funguo. Nikashangaa maana hakuna muziki, hakuna aliyepakwa poda, na yule mtoto ana chunusi kidevuni, mshauri, chunusi kabisa, na mimi série ninazozijua, hizi tamthilia za televisheni, mwanamke anaamka asubuhi na rangi ya mdomo. Kinorwe nakisikia nusu, ni kama Kiswidi cha mtu mwenye mafua. Basi nikamuuliza Précieuse, "Hii ni nini?" Akafikiri kidogo, halafu akanijibu kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu Krismasi, akasema, "Ni ya kweli, mama." Mimi nilifurahi kusikia Kiswahili kinywani mwake hata sikuuliza zaidi. Nilielewa kwamba ni mtoto wa kweli, ambaye wanamfuata na kamera kama wanavyofanya kwenye habari. Akaniwekea na kwenye simu yangu, na jioni tukawa tunaangalia pamoja, mimi nikilia.

Na ungeona mambo yenyewe yanavyokuja ungeelewa kama mimi. Hayaji siku moja kwa wiki. Kama Ingvild yuko shuleni Jumanne saa nne na dakika ishirini, kipande kinatoka Jumanne saa nne na dakika ishirini, niko kazini na ndoo yangu, simu inalia, naangalia, nakuta yuko peke yake chooni shuleni analia wakati huohuo. Na kuna ukurasa wanaweka ujumbe anaoandikiana na rafiki zake, na watu wanaandika chini yake, maelfu ya watoto wa Norwe na wa hapa, wengine wanamwambia vumilia, wengine wanamwambia mimi pia niko hivyo. Nani angesema si kweli?

Basi nikampeleka kwenye maombi. Nilisimama Sundbyberg nikawaambia wamama kuna mtoto Oslo, hana mama, hali, hainuki, baba yake haoni. Wamama walilia. Mama Spéciose akatangaza mfungo wa siku tatu, tukafunga wote kumi na wanne, wengine na kazi zao za kuinua wazee wasiojiweza, na jina lake halikuwezekana midomoni, tukawa tunamtaja Ingivili mbele za Mungu. Na mimi siku ya pili ya mfungo nikaandika kwenye ule ukurasa, kwa Kiswidi changu cha kuokota, maneno haya: "Ingvild mtoto wangu, mimi ni mama wa hapa Stockholm. Fungua pazia kidogo tu, si lazima lote. Kunywa hata uji. Wamama kumi na wanne tunakuombea, na hakuna anayekukasirikia."

Siku tano baadaye kikatoka kipande, Ingvild ameamka, amefungua pazia, amekwenda shule. Mshauri, nilipiga magoti palepale kwenye korido ya ofisi za watu. Jumapili nikatoa ushuhuda, wamama wakapiga vigelegele mpaka mlinzi wa jengo akaja kuangalia, na Mama Spéciose akasema sasa huyo mtoto tumlete, tumfanyie shukrani ya hadhara, na tumshonee nguo ya kitenge. Vipimo nikasema nitatoa kwa Précieuse kwa kuwa ni wa rika moja, nikampima, nikaona kiuno kimepungua sana kuliko gauni lake la Krismasi, nikasema heri, Wanorwe ni wembamba, itamtosha.

Sasa Jumatano ya wiki iliyopita Précieuse amerudi na simu mkononi, akaniwekea mbele ya uso, ni maneno yangu yale. Yameenea. Shuleni kwao watoto wanatumiana, wengine wanacheka, wengine wameandika chini yake "kuwa mama yangu na mimi", hawajui ni mama ya nani, lakini yeye aliona picha yangu. Nikadhani atanipigia kelele. Akasema polepole, "Mama, Ingvild ni mwigizaji. Hii ni série." Nikamwambia, "Wewe mwenyewe ulisema ni ya kweli." Akasema, "Nilitaka kusema inafanana na maisha. Kwa Kiswahili nilijua kweli tu." Mimi nilikaa chini. Nilikuwa tayari kufa kwa aibu, nikifikiria ule mfungo, na nguo, na vigelegele, na yeye bado amesimama, halafu akaniuliza, "Mbona huyu humkasirikii, na mimi unanikasirikia?" Nikamwambia huyu ni mgonjwa. Akasema, "Na mimi, mama." Halafu akalia, na mimi nikalia.

Ndipo aliponiambia kwamba tangu mwezi wa kwanza haendi shule. Anatoka asubuhi na mkoba, anapanda treni ya kijani mpaka mwisho wa njia, anarudi mpaka mwisho mwingine, anazunguka hivyo mpaka saa ya kutoka shule. Taarifa za shule zinakuja kwenye simu yangu, lakini ni yeye aliyeniwekea hiyo programu na ni yeye anayenisomea. Akanifanya niape kwamba sitamwambia mtu, si baba yake, si shule, na kanisani kabisa hapana, na mimi nimeapa, mkono juu ya Biblia.

Sasa hali yangu ndiyo hii. Jumapili ijayo ndiyo shukrani ya Ingivili. Nguo imekwisha, kwaya ina wimbo, na katibu wetu Evodius ananipigia kila siku anataka anwani ya baba yake Oslo amwandikie barua rasmi yenye muhuri. Bwana yangu nimemwambia habari ya série peke yake, akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema, "Waambie ameenda Kanada. Kila mtu akipotea hapa tunasema ameenda Kanada, na hakuna anayeuliza zaidi." Nikisema ukweli nitakuwa kichekesho mpaka nizikwe, na Mama Spéciose ataniondoa katika waombezi, na watu wataanza kuuliza kwa nini nilimlilia yule mtoto namna ile, wataangalia nyumbani kwangu. Nikisema uongo, Précieuse amekwisha kuniambia, "Ukiwadanganya wale wamama, mimi siwezi kukuamini tena." Na mimi namwona kila siku anazidi kupungua. Nikienda shuleni nimevunja kiapo, tena naogopa ofisi za ustawi wa jamii wasije wakanichukulia mtoto, maana tunasikia mengi. Na baba yake akijua atasema ni uvivu, atampeleka Bukavu kwa bibi yake akafundishwe kazi. Kila usiku ninajiuliza nianzie wapi, na mpaka sasa sijaanza popote. Nisaidie, mshauri, wiki imebaki moja.

Mama mwenye aibu, Rågsved

*

CONCESSA ANAJIBU

Mama Précieuse,

Uliniomba nisicheke mpaka mwisho. Nimeshindwa. Nilicheka kwenye chunusi, nikacheka kwenye muhuri wa Evodius, na ya Kanada ilinibidi niondoke mezani, maana hata sisi watu wa Kagera tuna ndugu wengi sana walioenda Kanada kwa njia hiyo. Lakini nilipofika kwenye kile kiuno ulichokipima, kicheko kiliniisha. Umeishika tepu mkononi mwako mwenyewe, umeona mwanao amepungua, ukasema heri, itamtosha Mnorwe. Mama, hapo nilikukasirikia, na nakuambia waziwazi ili tumalizane na hasira yangu, kwa sababu baada ya hapo niko upande wako moja kwa moja.

Tuanze na la haraka, na la haraka si Jumapili. Ni Précieuse. Mtoto anayezunguka na treni kutwa tangu mwezi wa kwanza, hali vizuri, hafiki popote, huyo anaumwa, na amekuambia kwa mdomo wake kwamba anaumwa. Tangu mwezi wa kumi alikuwa akikuambia "orkar inte". Wewe Kiswidi unakisikia, hebu litafsiri hilo neno bila hasira. Maana yake ni sina nguvu. Alikuambia hana nguvu za kula, ukamjibu ni jeuri. Alikuambia hana nguvu za kutoka, ukamwambia ajibu kwa Kiswahili. Kwa hiyo kuanzia leo, lugha atakayokujia nayo ndiyo hiyo hiyo utakayoipokea, hata ikiwa ni Kinorwe chenye mafua. Kiswahili mtakirudia akipona, na nitawafundisha mimi wote wawili, maana hicho cha Bukavu nacho kina mambo yake.

Na hapa usijidharau sana. Yule binti alikaa na wewe mbele ya ile tamthilia wiki nzima nzima. Unadhani alikuwa anajiburudisha? Hakuwa na maneno ya kukuonyesha chumba chake, akakuonyesha chumba cha mwenzake. Alipotafuta Kiswahili cha kukuambia inafanana na maisha, alikuwa anasema maisha yake. Ulikosea ukaelewa ni msichana wa Oslo, lakini ulipolia, alikuona ukilia. Ulipoandika yale maneno kwenye ukurasa wa watu, aliyasoma. Mtoto mwingine angekufa kwa aibu kwa mama kusambazwa shule nzima. Wako amekuja nyumbani na swali moja, kwa nini simpati mimi mama huyu. Sasa mpe.

Leo ukifika nyumbani, chukua karatasi, yaandike yale maneno yako kama yalivyo, ila futa jina la Ingvild uandike la kwake, na wale wamama kumi na wanne uwaache nje. Pazia kidogo tu, uji, hakuna anayekukasirikia. Usiongeze mstari wa shule wala wa Mungu anapenda watoto wenye bidii. Mpe mkononi. Halafu kaa naye, na umuulize kwa maneno ya wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kutotaka kuishi. Najua neno hilo halitoki mdomoni kwa mama. Litoe. Kumuuliza hakumwingizii wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usisubiri Jumatatu wala Jumapili, pigeni simu ya dharura 112 au mwende siku hiyohiyo kwenye kliniki ya dharura ya vijana, na uwe naye muda wote, hata kama Evodius anapiga.

Kiapo. Uliapa ukiwa umeshtuka, na mtoto alikuomba uape akiwa ameogopa. Mwambie hivi: "Nilikosea kuahidi kitu ambacho mama hawezi kutimiza. Sitakutangaza. Lakini nitawaambia watu wachache wanaoweza kukusaidia, nitakutajia majina yao kwanza, na nikiwaambia utakuwa umekaa karibu nami." Atakasirika siku moja, labda mbili. Mruhusu akasirike. Utakachovunja bila kumwambia ndicho kitakachomuumiza.

Watu wachache hao ni wawili. Wa kwanza ni baba yake. Bonaventure anafanya utani wa Kanada kwa sababu hajajua kuna nini nyumbani kwake, umempa nusu ya habari na unamhukumu kwa nusu hiyo. Mwambie kabla ya Jumatatu. Akisema neno uvivu, mwambie apande hiyo treni ya kijani mwisho hadi mwisho siku moja tu, saa saba mfululizo na mkoba magotini, halafu arudi akuambie kama mtu mvivu angechagua hiyo. Akitaja Bukavu, mwambie binti haendi popote mpaka daktari aseme yuko sawa. Hapo usilegee hata kidogo.

Wa pili ni shule. Jumatatu saa mbili asubuhi piga simu, uombe muuguzi wa shule na mshauri wa wanafunzi, useme mwanangu haji tangu mwezi wa kwanza, anaumwa moyoni, naomba tukutane nanyi, mimi na yeye tukiwa pamoja. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako. Usimgeuze mtoto kuwa mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe. Na hiyo programu ya shule kwenye simu yako, waombe wakufundishe kuifungua wewe. Umemkabidhi mtoto wa miaka kumi na sita ufunguo wa taarifa zake mwenyewe, halafu unashangaa hukuona barua. Wengi wetu tumefanya hivyo hapa, na mimi nimo. Mwanangu wa pili alinisomea barua za shule kwa mwaka mzima, na kwa kusoma kwake alikuwa mwanafunzi bora Sundbyberg nzima.

Hofu ya ofisi za ustawi wa jamii naijua, inaingia katika nusu ya barua ninazopokea. Siwezi kukuahidi mambo ya ofisi za watu. Nakuambia nilichokiona kwa miaka ishirini hapa: mzazi anayekwenda mwenyewe mapema, anasema mwanangu anaumwa nisaidieni, anapata shida ndogo kuliko anayengojea waje wao. Nenda wewe kwanza.

Sasa tuje Jumapili, ambayo wewe umeikuza kuliko mtoto. Ijumaa nenda kwa Mama Spéciose nyumbani kwake, bila watu. Mwambie kabla hajasikia mahali pengine, kwa sababu kiongozi anaweza kusamehe kosa lakini hasamehe kuwa wa mwisho kujua. Jumapili usisubiri kwaya. Simama mwanzoni, useme: "Wapendwa, yule msichana wa Oslo ni mwigizaji wa televisheni. Mimi niliamini ni mtoto wa kweli, na kwa nia njema nikawafungisha siku tatu. Nawaomba radhi." Kisha ukae. Usihubiri, usifafanue, usilie sana. Watacheka. Mama, waache wacheke, wamefunga siku tatu kwa ajili ya tamthilia, wana haki ya kucheka mpaka Krismasi. Mtu akikuuliza kwa nini ulimlilia hivyo, mjibu kwamba wewe ni mama wa binti wa miaka kumi na sita. Hilo ni kweli na halimtaji mtu.

Kuhusu Précieuse kanisani, kimya. Usimweke kwenye orodha ya maombi, hata kwa kusema "kuna mtoto mmoja" huku ukiangalia dirishani, sisi wamama tunajua mara moja ni mtoto wa nani. Siku akitaka kuombewa atasema yeye. Wewe omba peke yako, hiyo haihitaji tangazo. Na ile nguo imepimwa kwa mwili wake, ni ya kwake. Iweke kabatini, usimlazimishe kuivaa, na asubuhi moja ikimbana mabegani utajua amepata mwili, utaifumua mishono ukiwa unaimba.

Wakikutoa katika waombezi, watakutoa. Utapata Jumamosi zako za mchana, na nina mtu wa kuzitumia. Lakini sidhani. Wamama waliofunga siku tatu kwa mtoto wasiyemjua si watu wa kumfukuza mwenzao kwa kuwa na huruma nyingi kuliko Kinorwe.

Mkitoka kwenye hicho kikao cha shule, msiende moja kwa moja nyumbani. Tafuteni mahali mkae, mnywe kitu cha moto. Usimuulize wamesema nini, ulikuwepo. Usimuulize anajisikiaje. Ukiona kimya kimezidi, kunywa chai yako. Ataanza yeye.

Concessa, Sundbyberg

*

Jibu hili lilitumwa kwa mama siku ileile ilipofika barua yake, na linachapishwa leo, baada ya miezi mitatu, kwa sababu mama na binti yake wameomba litolewe kwa ajili ya wazazi wengine. Binti amelisoma kabla halijaenda mitamboni na kunisahihisha mahali pawili: safari ya treni mwisho hadi mwisho na kurudi haijazi saa saba, anajua yeye, kwa hiyo alikuwa akirudia mara nyingi, na Kinorwe, anasema, hakina mafua. Majina yote yamebadilishwa. Mama alisema tumpe binti jina lolote tutakaloona linafaa. Binti alikataa, akajichagulia lake mwenyewe, Précieuse, na pembeni akaandika maana yake kwa Kiswahili ili tusikosee: wa thamani.